Gari la Spoti, Miguu ya Mkate

Mliniacha nyuma ya tangi la maji, nimeshika kiuno, natazama mahali ambapo asubuhi niliweka matairi manne na sasa pana majani yaliyolala na mjusi mmoja asiye na habari na mtu.

Kama ndiyo kwanza unafika, sogea nikupe kwa kifupi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi niliyeishia mwaka wa tatu. Nilibadilisha vibao vya milango chuoni, wageni wa Mkuu wa Kitivo wakaingia chooni mmoja mmoja na mafaili yao kwapani. Nikasimamishwa. Ili nirudi, natakiwa nipeleke fomu yenye saini ya mlezi, na mlezi wangu ni mjomba, mwalimu mstaafu wa udereva, aliyefundisha nusu ya mji huu kurudi nyuma bila kugonga kitu.

Mjomba alisafiri wiki mbili kwenda kutibiwa nyonga. Akaniachia gari lake la spoti, jekundu, milango miwili, ambalo hulifunika shuka kama mgonjwa. Akasema, "Nikirudi nikalikuta kama nilivyoliacha, nasaini. Nikilikuta vingine, utakaa hapa unisomee magazeti mpaka nife."

Mwenye akili maneno hayo yangemtosha. Mimi Jumatano asubuhi nilifungua matairi yote manne, gari nikalipandisha juu ya matofali, matairi nikayaficha nyuma ya tangi, halafu nikaenda kumwamsha binti wa mjomba: "Wezi! Wezi!"

Utani tu. Na alipiga mayowe mazuri, mpaka majirani wakatoka na mataulo. Utamu ukanikolea, nikaliacha gari vile vile juu ya matofali hadi jioni ili kila apitaye alione. Nilipokwenda kuyachukua matairi niyarudishe, hayapo.

"Hakimu!" nikaita.

Ndilo jina la binti wa mjomba tangu utotoni, kwa sababu hajawahi kusikiliza kesi mpaka mwisho. Nilimkuta anaanua nguo.

"Matairi yameibiwa."

"Huo utani nimeuona asubuhi."

"Sasa hivi ni kweli."

"Hata asubuhi ulisema ni kweli."

Akaendelea kutoa vibanio. Mkononi alivaa bangili nne nyeusi za plastiki, kila akinyoosha mkono zinagongana, kha-kha-kha. Zile bangili nilimpa mimi kumtuliza baada ya mayowe. Zilidondoka katikati ya matairi nilipokuwa nayafungua, kila tairi na yake. Nikadhani ni takataka za dukani ambazo mjomba alisahau kuzibandua. Nikamwambia, "Pokea, dada, zawadi yako."

"Baba anarudi Ijumaa saa nne," akasema. "Na fomu yako mwisho Ijumaa hiyo hiyo, saa sita."

"Najua."

"Nakukumbusha tu. Wewe huwa unajua hivi, halafu unafanya vile."

*

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa Mama Vyuma, muuza vyuma chakavu. Nilikwenda na kifuniko cha boksi la viatu nilichokitoboa matundu matano, kipimo sahihi cha nati za gari la mjomba. Digrii nusu si haba.

Mama Vyuma alikuwa amekaa juu ya injini ya lori kama mwenye enzi.

"Unataka rimu za gari gani?"

"La spoti, Mama."

Akatazama viatu vyangu. "La nani?"

"La mjomba."

"Aaa. Nikasema mbona viatu havilingani na gari."

Akaninyooshea kidole kwenye rimu nne za chuma, pana, nzito, zenye matairi yaliyochoka lakini hayajafa. Nikaweka kifuniko changu juu ya moja. Tundu juu ya tundu! Tano kwa tano! Nilitaka kumkumbatia.

"Zimetoka kwenye gari gani?"

"Lililokuwa linatembea. Zimeletwa jana, hata hazijapoa."

Mfukoni nilikuwa sina kitu cha maana isipokuwa kikokotoo changu cha chuo. Akakiona.

"Hicho kinajua kuzidisha?"

"Mama, hiki kinajua mambo ambayo hata mimi siyajui."

"Mimi nataka kuzidisha tu. Kilo kwa bei. Kiache, chukua zote nne."

Ndivyo nilivyotoa chombo cha kunirudishia elimu ili nipate matairi ya kunirudisha kwenye elimu. Cheka, mimi nilishacheka mpaka nikachoka.

Mchana nikaanza kufunga. Jeki, spana, jasho. Matundu ya nati yaliingia bila ubishi. Hakimu alikuja akachutama pembeni, bangili zake zinagonga, akachomeka kidole katikati ya rimu.

"Mbona hapa katikati panapwaya? Kidole kinaingia."

"Hapo pa hewa."

"Hewa ya nini?"

"Breki zinapumua."

"Ulisoma hilo?"

"Mwaka wa tatu."

Kumbe mada hiyo ilifundishwa wiki ile ile niliyokuwa nazunguka na bisibisi kwenye milango ya watu. Lakini uso niliokaza ulikuwa wa profesa. Nikakaza na nati, nikakaza mpaka viganja vikatoa malengelenge.

Kisha nikazipaka rimu rangi ya fedha ya kupakia mageti. Moja ilikuwa imechorwa mkate, mkate wa kweli wenye mistari. Nikaipaka mara mbili.

Nilipoliteremsha gari kutoka kwenye jeki, nilirudi nyuma hatua tano nilitazame. Lilikuwa limesimama juu juu, kama mtu aliyevaa suti na gambuti.

Hakimu alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

"Sikia, kaka," akasema akifuta machozi. "Mwambie Baba ukweli. Gari analipenda, lakini uongo anauchukia zaidi ya anavyolipenda gari."

"Nikimwambia hasaini."

"Na usipomwambia?"

"Anasaini. Narudi chuo, namaliza, nanunua matairi mapya, halafu namwambia. Tutacheka wote."

"Hukumu," akasema, akinyanyuka. "Mjinga. Kesi imefungwa."

*

Mjomba alishuka kwenye teksi saa nne kamili, fimbo mkono wa kulia, begi dogo mkono wa kushoto. Hakuomba chai. Hakuuliza habari za nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akavuta shuka.

Inabidi mjue jambo moja kuhusu mjomba. Miaka thelathini aliwafundisha watu hivi: kabla hujaingia, zunguka gari, gonga kila tairi kwa ufunguo, sikiliza. "Gari huongea kabla ya kutembea," husema. Wanafunzi wake wako mjini humu na mvi zao na bado wanagonga. Matairi yake yale ya zamani yalikuwa yakilia ting! kama glasi.

Akainama kwa taabu. Akagonga la kwanza.

Du.

"Mmh," akasema mjomba.

La pili. Du.

"Mmh. Matairi yamepata mafua."

"Unyevu, Mjomba. Wiki mbili chini ya shuka."

"Na gari limerefuka."

"Limepumzika, Mjomba. Hata wewe safari imekunawirisha."

Hakimu akakohoa nyuma yangu. Mikono kaifunga chini ya kanga, hata bangili hazikulia.

Mjomba alinitazama muda mrefu, jicho lile la kumngojea mwanafunzi aseme mwenyewe kuwa amesahau kufunga mkanda. Nikakaza tabasamu. Mwisho akatoa fomu yangu kwenye begi, na kalamu.

"Ingia uendeshe. Ukinifikisha chuoni kama mtu mzima, nasaini getini." Akamgeukia bintiye. "Na wewe panda nyuma."

"Mimi nina kizunguzungu, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoona linavyosimama. Nitawafuata kwa baiskeli."

Tulitoka getini mimi na mjomba. Kona ya kwanza tu, tairi likasugua bodi: kwaruuu.

"Hicho nini?"

"Majani, Mjomba."

"Majani ya lami?"

Nikaongeza mwendo kidogo. Usukani ukaanza kutetemeka. Mwanzo kama simu mfukoni, baadaye kama mtu mwenye homa. Nikaushika kwa mikono miwili, meno yakawa yanagongana yenyewe.

"Na h-hii ni b-barabara," nikasema kabla hajauliza.

"Barabara hii nimefundishia miaka thelathini," mjomba akajibu taratibu. "Haikuwahi kuogopa mtu."

Nikapunguza mwendo. Baiskeli zikatupita. Mama mmoja aliyebeba ndoo kichwani akatupita, akageuka kutuonea huruma. Saa ya kwenye gari inasema saa tano na dakika ishirini.

"Swali la darasa la kwanza," akasema mjomba. "Gari likikwambia kitu, dereva anafanya nini?"

"Anasimama, Mjomba."

"Anasimama. Halafu?"

"Anashuka kuangalia."

"Vizuri. Wewe hukusahau kitu."

Lakini hakuniambia nisimame. Aliweka fomu juu ya paja, akafungua kalamu. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mdogo, kiwanda cha mikate upande wa kushoto, na mwisho wa mteremko, kwa mbali, geti la chuo. Geti lenyewe! Nililiona mpaka kutu yake.

"Nasaini sasa hivi," akasema. "Una la kuniambia kabla?"

Ndugu zangu, mimi nimedanganya watu wengi, na wengi walistahili. Lakini mzee amekaa pembeni yangu na nyonga mpya, mkono mmoja kashika fomu yangu, mwingine kalamu, hana hata pa kujishikilia. Na usukani unanipigia kelele viganjani. Kalamu ikagusa karatasi. Akaandika herufi ya kwanza.

"Mjomba," nikasema. "Matairi..."

Sikumaliza. Kitu kikalia ka! mbele yangu, gari likapiga goti, na tairi likatupita.

Lilitupita kwa adabu kabisa, halina haraka, linang'aa rangi ya mageti. Mjomba alilisindikiza kwa macho.

"Amepita bila kuonyesha ishara," akasema.

Halafu ndipo gari letu likaanza kukwaruza lami, kraaaa, cheche zinaruka, na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda mwendo wa konokono mwenye mimba, likasimama. Hakuna aliyeumia. Ila kwenye fomu, ile herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu uliokata karatasi kutoka juu mpaka chini, ukaishia kwenye suruali ya mjomba.

*

Tairi lile liliingia uwanja wa kiwanda cha mikate, likazunguka mara mbili kama mbwa anayetafuta pa kulala, likalala mbele ya gari la kusambazia mikate.

Nikalikimbilia. Nikainua kichwa.

Gari la mikate, kuukuu, bodi imebonyea kila upande, limesimama juu ya rimu nne za spoti zinazowaka kama kioo. Rimu za mjomba.

Mwenye gari akatoka na aproni na unga mpaka kwenye nyusi. Akaliona tairi lililolala. Akalisugua kwa kidole gumba, rangi yangu ikabanduka, chini yake ukachungulia ule mkate wenye mistari.

"Hee! Tairi langu! Nimelipeleka kwa Mama Vyuma juzi, limenifuata nyumbani kama paka!"

"Na hayo uliyovalisha gari lako ni ya kwetu!" nikafoka.

"Haya? Haya nimekabidhiwa na binti wa Mwalimu, niyatunze mpaka Ijumaa."

"Kuyatunza ndiyo kuyavaa?"

"Kijana, tairi lisilozunguka hupata vidonda kama mgonjwa wa kitandani. Mimi nimeyauguza." Akanyoosha shingo nyuma yangu. "Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kuyachukua?"

Nikageuka polepole. Mjomba alikuwa anakuja na fimbo yake, hana wasiwasi hata kidogo.

"Ulijua," nikasema.

"Binti yangu alinipigia Jumatano asubuhi, mayowe hayajamkauka. Nikamwambia, yahamishe, usiseme neno, tuone mpwa wangu atafanya nini. Nikakungoja unipigie Jumatano. Nikakungoja Alhamisi. Leo nikagonga, nikakungoja tena."

"Kama ulijua si yako, Mjomba, kwa nini uliingia garini?"

"Nilijua matairi si yangu. Sikujua kwamba miaka mitatu ya uhandisi haitoshi kufunga nati tano."

Mwenye mikate akageuka akajifanya anatazama mawingu. Mabega yalikuwa yanaruka.

Mjomba akaikunjua fomu, akautazama ule mkia. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Lakini ulisema neno moja kabla tairi halijatoka. Nimelisikia. Mwingine angengoja nimalize saini." Akaomba kreti ya mikate aikalie, akaweka fomu juu ya goti. "Kwa neno hilo moja nitamalizia. Yafungue matairi yangu hapo, uyarudishe kwenye gari langu, twende. Bado nusu saa."

Nilimrukia mwenye mikate nikamwomba jeki kabla mjomba hajabadili mawazo. Tairi la kwanza likatoka. Nikalibeba kulipeleka garini kwetu, mjomba akaninyooshea fimbo.

"Simama. Geuza nione katikati."

Nikaligeuza.

"Ringi iko wapi?"

"Ringi gani, Mjomba?"

"Humu katikati hukaa ringi ya plastiki. Ndiyo inayolishika tairi lisicheze. Ikitoka, panapwaya, tairi linatetemeka, linatetemeka, mpaka nati zinafunguka zenyewe. Ukubwa wa tundu hili na la yale ya mkate ni ule ule, hata kwenye yale ingekaa, na tusingekwaruza lami." Akamtazama mwenye mikate. "Wewe ndiye uliyezitoa?"

"Wallahi Mwalimu, nimeyapokea hivyo hivyo. Kwangu yaliingia sawasawa, nikasema riziki."

Nikakumbuka kilichodondoka Jumatano. Plastiki. Nyeusi. Moja kila tairi.

Mjomba akasimama. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya darasani.

"Matairi kufichwa ni utani, nimecheka. Kunidanganya ni ujana, nimesamehe. Lakini mtu aliyezitoa ringi akazitupa, akaacha watu wapande, huyo si wa kucheka naye. Huyo hagusi gari langu tena, na jina langu haliwi chini ya jina lake kwenye karatasi yoyote. Ziko wapi?"

Kengele ya baiskeli ikalia.

Hakimu alikuwa anateremka mteremko, kanga inapepea, anacheka kwa mbali kwa kuliona gari limepiga goti. Akaachia mkono mmoja kutupungia.

Kha-kha-kha.

Mjomba akautazama mkono ule. Akalitazama tundu la tairi nililolishika. Akautazama tena mkono.

"Hizo bangili," akasema bintiye aliposhuka, "umezitoa wapi?"

Hakimu akaacha kucheka. Akaangalia bangili, akaangalia tairi, na hesabu ambayo mimi ilinishinda siku tatu yeye akaimaliza palepale. Akanitazama. Macho yale nayajua. Ni yale ya kabla ya hukumu.

"Nauliza," mjomba akarudia. "Nani alizitoa kwenye matairi yangu?"

Saa ya ukutani ya kiwanda ilikuwa inasema dakika ishirini kabla ya saa sita. Geti la chuo lile pale. Kalamu iko wazi. Nikafungua mdomo, na naapa hata mimi sijui ni lipi lingetoka.

"Ni mimi, Baba," akasema Hakimu.

Mjomba akashusha pumzi ndefu. Akakaa tena kwenye kreti, akamtazama bintiye kwa huzuni ambayo binti hakuistahili, akavuta fomu yangu, akaandika herufi ya pili.

Hakimu alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, mikono imetulia, uso wa mtoto wa madrasa. Polepole, bila mtu mwingine kuona, akanikonyeza, kama mwenye duka anayeandika deni.

Nimeshasimamishwa chuo, nimeshapitwa na tairi langu mwenyewe. Sijawahi kuogopa kitu kama lile jicho moja lililofumba.